Matundu Yasiyozibwa

Fundi wa miguu ya bandia alikuwa mkali kwa jambo moja tu: maji. Mteja aliyetaka kuondoka kabla gundi haijakauka sawasawa alirudishwa kwenye benchi kama mwanafunzi mtoro. "Faiba ikinywa maji inalegea," alikuwa akisema, "na ikilegea, utakayeanguka ni wewe, si mimi." Watu walimcheka pembeni, lakini miguu yake haikuvunjika.

Kisha binti yake wa pekee akapata ajali, akakatwa mguu chini ya goti. Baba akamtengenezea mwingine kwa mikono yake, akipanga kitambaa cha faiba, kile cha nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka na kukilowesha gundi. Binti akarudi kazini, kwenye duka la vitambaa, na kicheko kikarudi nyumbani.

Siku moja akalalamika. "Baba, jasho linanichoma humu ndani."

Fundi akachukua drili, akatoboa matundu ya kupitisha hewa. Kingo za matundu hayo zilipaswa kuzibwa kwa gundi, kisha mguu ukae siku mbili bila kuvaliwa. Hapo ndipo moyo wa mzazi ulipomponza. Hakuweza kumtazama tena mwanawe akijikokota kwa magongo, hata kwa siku hizo mbili.

"Vaa tu," akasema. "Nitaziba Jumapili."

Jumapili ikapita, na nyingine zikaifuata. Binti naye, kwa usafi wake uliopita kiasi, aliuosha mguu kila jioni. Maji na jasho yakapenya kwenye kingo zile, yakafuata nyuzi hadi ndani, na gundi ikaanza kuziachia kidogo kidogo. Fundi aliuona weupe kuzunguka matundu, akadhani ni poda anayojipaka binti. Mteja mwingine angekuja na weupe kama ule, angemgombeza mpaka akome.

Mguu ulipasukia kwenye ngazi za duka. Binti akavunjika nyonga, na mfupa haukuunga vizuri. Fundi alilia mpaka sauti ikamkauka.

Akatengeneza mguu mpya, akaziba kila ukingo, akausubiri ukauke, akampelekea binti yake kitandani. Binti akaupapasa taratibu.

"Mzuri, baba. Safari hii umeziba."

"Nimeziba, mama."

"Basi mpe mtu anayeweza kusimama."

Fundi akaitikia kwamba atafanya hivyo. Hakuwa na nguvu za kumwambia kuwa mguu ule aliufinyanga kwa kipimo cha kigutu chake, na hakuna mwingine duniani ambaye ungemkaa.