Paka wa Zuwena

Msiniulize kidole kimefanya nini.

Ni yule paka mchanga wa shoga yangu Zuwena. Ukimpapasa tu, anang'ata. Nshamlisha dagaa mpaka nimechoka, hanitaki.

Zuwena, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Malindi, ndiye aliyeniletea. "Niangalizie huyu. Tunakwenda shamba Bububu, Jumapili tunarudi."

Tangu mapinduzi mtaa wetu unapungua watu, lakini Zuwena nilimwamini.

Jumapili ngapi zimepita, sijui.

Basi leo nimo kufunga kidole kitambaa, nikasikia mlango wake unafunguliwa. Nilivyofurahi, nikamkwapua paka, mbio mpaka kwake.

Nikamkuta mwanamke nisiyemjua, anaingiza godoro.

"Karibu, jirani," akasema. "Tumepewa nyumba hii. Wenyewe washavuka bahari, hawarudi."

Akanyoosha mkono, akamsugua paka shingoni. Nikangoja amng'ate.

Paka akafumba macho, akakoroma.

Nikamwachia hapo hapo.

Sasa nimekaa jikoni, nnatazama kabati. Yamo mabakuli yangu yote, yale niliyokuwa nikimpelekea Zuwena futari. Siku aliyoniletea paka aliyarudisha yote pamoja, yameoshwa, matupu.

Mnajua wenyewe hapa kwetu. Miaka yote ile Zuwena hajanirudishia bakuli tupu. Akikosa kabisa, hutia hata ndimu mbili.

Kumbe alikuwa ananiaga. Na mie nikayapanga kabatini, nikamwambia ahsante kwa kuyaosha.