Bubu wa Televisheni na Mchumba wa Kwa Vonza

Nyumbani kwetu hatukuwa watu wa kunyamaza. Mama yangu, ambaye sote tulimwita Mwaitu kama Wakamba wanavyomwita mama, alianza kuongea akifungua mlango wa jikoni asubuhi na hakupumzika mpaka alipopiga magoti kuomba. Hata hapo hakupumzika sana, maana alikuwa na mengi ya kumweleza Mungu kuhusu majirani. Nyanya yetu, Susu, alikuwa haoni vizuri lakini ulimi wake haukuwa na kasoro. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu karibu na Kathonzweni, kwa hivyo nililipwa na serikali kupiga kelele.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyetuletea bubu. Alikuwa fundi wa magari kule Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, na dereva mmoja wa lori alimpa kisanduku cha gemu ambacho mtoto wake alikuwa amechoka nacho. Mwanzoni mwa miaka ya tisini umeme ulikuwa haujafika kwetu. Kaka alikuja na kile kisanduku, televisheni ndogo isiyo na rangi na betri ya gari, akaviunganisha sebuleni Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana. Mwaitu alitoa kitambaa alichokuwa ameshona cha kufunika redio, akakitandika chini ya televisheni ili mgeni asikae mahali pachafu.

Mgeni mwenyewe alitokea kwenye kioo. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye kofia pana, mfuko mgongoni na fimbo mkononi. Alitembea kuelekea mkono wa kulia. Ukibonyeza hapa aliruka shimo, ukibonyeza pale alipiga ndege kwa fimbo. Aliokota matunda yaliyofanana na nyanya, akayatia mfukoni, akaendelea. Maandishi yaliyotokea hatukuweza kuyasoma, yalikuwa kama nyayo za kuku. Na yule mtu hakusema neno hata moja.

Mwaitu alivumilia kama dakika tano.

"Huyu ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Mwaitu, ni picha tu," kaka akajibu.

"Picha ina wazazi. Ametoka wapi na mfuko hivyo?"

"Ametoka kushoto."

Jibu hilo halikumtosha. Alivuta kiti, na kuanzia siku hiyo kazi ya kumtafutia yule mtu maisha ikawa ya nyumba nzima. Mwaitu aliangalia ile kofia akasema huyo ni askari wa chifu aliyefutwa kazi kwa ulevi. Anaokota matunda na hali hata moja, kwa hivyo ana watoto. Lakini haonekani akiwapelekea, kwa hivyo mke alimtoroka na watoto. Susu, ambaye aliona kivuli tu kikirukaruka, alisema hapana, huyo alinyang'anywa shamba na ndugu zake akala kiapo cha kutosema na binadamu tena. Mimi nilisema anafanana na wanafunzi wangu ukiwauliza saba mara nane.

Habari zilifika kanisani kabla yetu. Mzee wa kanisa, jirani yetu aliyekuwa na shamba la mbaazi ng'ambo ya barabara, alikuja kuchunguza kama tumeingiza shetani. Alikaa wima, Biblia magotini. Kaka akacheza, yule mtu akaanguka shimoni akafa, kisha akatokea tena akiwa mzima.

"Amefufuka?" mzee akauliza.

"Ana maisha matatu," kaka akasema.

Mzee alifikiri sana. "Bwana wetu alifufuka mara moja na ikatosha. Huyu wa mara tatu ni wa nani?"

Mzee alisema ni lazima alichunguze jambo hilo kwa mikono yake, ili akihubiri ahubiri kwa ushahidi. Akapewa kidude cha kubonyeza. Alimuua yule mtu mara nyingi sana siku hiyo, na kila mara alisema "Samahani, ndugu" kwa sauti ya chini. Jumatano iliyofuata hakufika kwenye maombi ya mchana. Alikuwa kwetu anachunguza. Hatimaye alitoa uamuzi kwamba yule mtu alikuwa ameokoka zamani ila amerudi nyuma, ndiyo sababu anapiga viumbe kwa fimbo bila hata kuwasalimu. Lakini kucheza si dhambi, mradi unacheza ukimhurumia.

Sasa, wakati huo mimi nilikuwa na mchumba, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alitoka Kwa Vonza, upande wa Kitui. Alikuwa ananunua ndengu kwa wakulima wetu na kuzipeleka sokoni kwao. Tulijuana kwenye mizani, nilipompelekea ndengu za Mwaitu. Alipima, akanitazama, akafungua mdomo, na neno halikutoka. Lilikwama kooni, shingo ikakaza, macho yakafumba. Nikangoja. Lilipotoka lilikuwa "Karibu", na nilikuwa nimeshakaribia kitambo. Alikuwa na kigugumizi kizito, cha kumfunga kabisa mbele ya watu asiowajua. Lakini kwenye barua alikuwa mto uliofurika. Aliniandikia kurasa sita, saba, za mzaha na mapenzi na umbea wa soko, nilizisoma darasani watoto wakinakili hesabu nami nikicheka peke yangu kama kichaa.

Katika barua moja aliniomba jambo. Nisiwaambie watu wetu juu ya ulimi wake. Angewaambia mwenyewe, akiweza, siku ikifika. Nilikubali. Sikujua nimekubali nini.

Alikuja mara ya kwanza na baba yake mdogo, mtu mnene aliyeongea kwa niaba ya ukoo mzima. Mwaitu alimuuliza mchumba wangu habari ya safari, baba mdogo akajibu. Susu akamuuliza kama kwao mvua imenyesha, baba mdogo akajibu hadi mvua ya mwaka juzi. Mchumba wangu alitabasamu, akanywa chai, akatikisa kichwa, akaenda. Mara ya pili ikawa hivyohivyo.

Familia iliyokuwa imezoea kumpa maisha bubu wa televisheni ilipata kazi mpya. Walipoondoka tu Mwaitu alianza.

"Mwanamume asiyesema anaficha. Huyo ana mke Mombasa."

"Hajawahi kufika Mombasa," nikasema.

"Umejuaje, na haongei?"

Susu yeye alisema watu wa Kitui wana dawa zao, na dawa nyingine ukiimeza ukifungua mdomo inatoka. Kaka alisema ana kiburi cha watu wa ndengu. Nilikaa pale na ahadi yangu, nikishona kifungo cha blauzi kwa hasira hadi nikashona na sketi niliyokuwa nimevaa. Niliwaambia tu, "Mnamwonea," nikatoka nje kwenda kupigia mbuzi kelele.

Kufikia mwisho wa juma, kwaya nzima ilijua habari ya mke wa Mombasa. Mmoja wao alinishika mkono nje ya kanisa akaniambia ana mabinamu watatu, wote wanaongea.

Nilimwandikia. Sikumwambia yote, lakini nilimwambia hivi: wamekutengenezea maisha ambayo hata mimi yananitisha, njoo useme chochote. Alijibu kwa mstari mmoja, yeye wa kurasa saba. "Nitakuja Jumamosi. Peke yangu."

Jumamosi hiyo alifika saa saba, shati limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Mwaitu alikuwa amechinja kuku, maana mgeni ni mgeni hata kama ana mke Mombasa. Na kwa bahati mbaya, au nzuri, mzee wa kanisa alikuwa ameshika kidude sebuleni, uchunguzi ukiendelea.

Mchumba wangu alisalimia kwa kuinama na kushika mikono. Mwaitu akamkazia macho.

"Leo baba mdogo hayupo," akasema. "Leo tutakusikia."

Alifungua mdomo. Niliona shingo ikikaza. Hakuna kilichotoka. Mwaitu alingoja muda wa kistaarabu, kisha akanitazama kwa macho ya "nilikuambia", akaenda jikoni kuangalia kuku. Kaka, kwa aibu ya kukaa na mtu kimya, alimnyang'anya mzee kidude akampa mgeni.

Akacheza. Hakucheza kama sisi. Kila shimo alisimama kwanza akalitazama. Ndege walioweza kupitwa aliwapita. Alirudi nyuma kuokota tunda aliloliacha, jambo ambalo sisi hatukujua linawezekana. Mzee wa kanisa alisogeza kiti. Mwaitu alirudi na beseni la kunawia mikono akasimama mlangoni.

"Hata afike mbali namna gani," Mwaitu akasema, akimwambia Susu lakini kwa sauti ya watu wote, "mke wake alishamtoroka. Mtu hasemi, nani atakaa naye?"

Na mchumba wangu, macho yakiwa kwenye televisheni, akasema, "Hapana, mama. Huyu hana mke."

Ilitoka laini kama maziwa. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Kwa nini hana?" Mwaitu akauliza, beseni bado mkononi.

"Hajapata nafasi ya kuomba mtu. Tazama. Kila hatua tatu kuna ndege wa kumrukia usoni. Kila anayekutana naye anampiga kabla hajafungua mdomo. Mtu kama huyo atamsalimia nani?" Akamrusha yule mtu juu ya mto. "Si kiburi. Si dawa. Maneno anayo mengi, yako ndani ya huo mfuko na matunda."

"Na hayo matunda ni ya nani?" Susu akauliza kutoka pembeni.

"Ya mama yake. Anampelekea."

"Mjanja," akasema Susu.

Aliendelea hivyo. Alisema yule mtu alizaliwa mahali penye upepo, ndipo kofia. Kwamba alisoma hadi darasa la saba na alikuwa hodari wa kuandika. Kwamba walimu walimpiga kwa kuchelewa kujibu, hadi akaamua kutojibu. Nilielewa anamsimulia nani. Nilijua kwamba akijikumbuka atakwama, na nilitaka kile kijitu kitembee hadi betri ife.

Ni mzee wa kanisa aliyeharibu mambo. Alikuwa na uchunguzi wa wiki nyingi na hakutaka upotezwe na mfanyabiashara wa ndengu.

"Kijana, huyo mtu amerudi nyuma," akasema. "Ameacha wokovu. Nani amekuambia wewe habari zake?"

Mchumba wangu aligeuka kumtazama, akasahau televisheni. "Mi-mi-mi-" Shingo ikakaza. Macho yakafumba. "Mi-mi-" Kijitu kilitumbukia mtoni.

Nyumba yetu ilinyamaza. Sikumbuki kama iliwahi kunyamaza hivyo kabla. Kaka alitazama miguu yake. Mzee alifungua Biblia mahali popote. Mchumba wangu alipigana na neno lile mbele ya watu wote, hakuliacha, na mwishowe akalimaliza: "Mimi namjua."

Mwaitu aliweka beseni chini.

"Ni ulimi tu," akasema polepole. Kisha akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaacha niwaambie kwaya."

"Sikujua utawaambia kwaya, Mwaitu."

"Wewe umenijua miaka ishirini na mitano."

Hapo alikuwa na haki. Aliingia jikoni, akakaa huko kwa muda. Hakuwa mtu wa kuomba msamaha kwa mdomo, ambao alikuwa na kazi nyingine nao. Alirudi na sahani, na juu ya wali alikuwa ameweka firigisi, ile ambayo kila alipochinja kuku ilikuwa ya mzee wa kanisa. Mzee aliiona ikipita mbele yake ikienda kwa mgeni, akaifuata kwa macho mpaka ilipotua. Jumapili Mwaitu alisimama mbele ya kwaya akasema hakuna mke Mombasa, aliyesema hivyo alikuwa mwongo, na akakaa bila kutaja ni nani.

Walipokuja rasmi kuniomba, baba mdogo alikohoa kusafisha koo ili aanze. Susu alimnyooshea mkongojo.

"Wewe tumekusikia," akasema. "Mwenyewe aseme."

Ilimchukua muda mrefu. Mwaitu alikuwa amekaa mbele yake na midomo yake ilisogea pamoja na ya mchumba wangu, kama mtu anayesaidia kusukuma gari lililokwama. Nilitaka kumwambia aache, lakini nikaona baba mdogo naye anafanya vivyo hivyo.

Siku ya harusi, mchungaji alimwita bwana harusi kando akamwambia kwamba kiapo kinaweza kufupishwa, atosheke na "ndiyo". Akakataa kwa kichwa. Alitaka kukisema chote. Walioketi nyuma walianza kunong'ona, mtoto mmoja akalala, mzee wa kanisa akavua miwani akaipangusa akaivaa tena. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima vilivyokuwa vidogo kwa namba moja. Nilisimama navyo, vidole vikiniwaka, hadi alipofika mwisho.