Gari Lisilochemsha

"Kama joto halikuzidi, hii imeyeyukaje?"

Kaka yangu aliniuliza hivyo mchana mmoja tukiwa gereji, hapa Songea, akiwa ameshika pistoni iliyotoboka kichwani. Tundu lilikuwa pembeni, na kingo zake zilikuwa laini, zimejikunja kwa ndani kama mshumaa ulioachwa juani. Injini ya gari lake ilikuwa imefunguliwa juu ya meza ya mbao. Mimi nilikuwa na digrii ya kemia na sina ajira, na kati ya watu waliokuwepo pale ndimi niliyetegemewa kujua mambo ya joto. Nilitazama lile tundu, kisha nikatazama geji ya joto iliyokuwa bado inaning'inia kwenye waya zake.

Inabidi nianzie kwenye gari la baba. Lilikuwa pikapu ya kubebea mahindi, na lilichemsha kwenye kona za Lukumburu, njia ya kwenda Njombe, nikiwa mdogo kiasi kwamba ninachokumbuka zaidi ni mvuke, na Mama akishuka bondeni na ndoo kutafuta maji. Injini haikupona. Biashara ya mahindi iliishia kwenye ile kona. Tangu hapo, kwa Mama, gari lina ugonjwa mmoja tu. Breki zikigoma au tairi likipasuka, hayo ni mambo ya barabarani. Kuchemsha ndiko kufa.

Ndiyo maana kaka alipoleta gari dogo la Kijapani lenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi, akatangaza kwamba atalitengeneza aende nalo kwenye mashindano ya magari mkoa wa jirani baada ya masika, Mama hakuuliza habari ya mwendo wala ya kupinduka.

"Linachemsha?"

"Halichemshi, Mama. Nimeweka rejeta mpya."

"Likichemsha hata mara moja, mashindano basi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kaka alikuwa mtu mzima, dereva wa lori, na angeweza kwenda bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini kwetu mtu haondoki kwenda kwenye jambo kubwa huku mama yake amekunja uso. Niliwahi kumuuliza kama kweli anaamini kwamba baraka ya mama inafika hadi kwenye injini. Alisema hajui, ila hataki kuwa wa kwanza kujaribu. Yale mashindano alikuwa ameyawaza tangu akiwa sekondari. Alikuwa anajua majina ya kona ambazo hajawahi kuzipita.

Fundi wake alikuwa rika lake, mwepesi wa mikono na wa mdomo. Kaka alimletea geji ndogo yenye namba nyekundu, pamoja na kijiti chembamba cha chuma chenye waya, cha kuingizwa kwenye njia ya moshi. Wanaotengeneza magari ya mbio hupima joto la moshi kwa sababu maji ya rejeta huchelewa kutoa habari. Moshi ukipanda kufikia kama nyuzi mia tisa na kukaa hapo, vyuma vya ndani vinaanza kulegea wakati mshale wa maji bado umetulia katikati. Hayo niliyasoma kwenye simu na kumsomea kaka. Fundi alisikiliza huku akifuta mikono.

"Geji ni urembo," alisema. "Mimi nasoma plagi. Plagi ikiwa nyeupe, injini ina njaa ya mafuta. Ikiwa nyeusi, imevimbiwa. Haya mambo ya namba ni ya kwenu wasomi."

Hata hivyo alikifunga kile kijiti. Sisi hatukuwepo, na kwenye gari lile kila kitu cha moto kimefunikwa na bati, kwa hiyo hatukuona kilifungwa wapi hasa. Alipokuja nyumbani kuchukua ufunguo alimsalimia Mama, akamwambia kwamba sensa, kama mafundi wanavyokiita kile kijiti, imeshawekwa.

"Shikamoo, Mama. Sensa tayari."

"Marahaba, baba. Sensa tena? Si walishatuhesabu?"

"Hii haihesabu watu, Mama. Inahesabu joto."

Neno joto ndilo lililobaki kichwani mwake. Jumapili iliyofuata kaka aliamua kumpeleka misa kwa gari hilo ili alizoee. Mimi nilikaa nyuma. Mwanzoni Mama alifurahi, akawapungia mkono majirani. Tulipoanza kupanda kilima kaka alikanyaga mafuta kidogo, kwa kujionyesha, na namba ikapanda.

"Hiyo nyekundu ni ya nini?"

"Ya joto, Mama."

"Mia nane na ishirini?"

"Ndiyo, lakini…"

"Maji yanachemka mia moja. Hiyo mia nane ni gari au jehanamu?"

Kaka alicheka. Hakupaswa kucheka.

"Siyo joto la maji, Mama," nilisema. "Ni la moshi."

"Moshi unatoka wapi?"

"Kwenye moto."

"Na moto uko wapi?"

"Ndani ya injini."

"Kwa hiyo uko ndani ya gari nililokaa mimi. Simamisha."

Alishuka na kumalizia kwa miguu, kitenge kipya begani, na mimi nikimfuata. Njiani niliendelea kumweleza tofauti ya joto la maji na joto la moshi. Alinijibu kwamba anaelewa vizuri sana, tena kuliko ninavyodhani, na kwamba tatizo lake siyo kutoelewa. Wakati wa mahubiri nilizipitia sentensi zake moja moja kutafuta penye kosa. Kila moja, peke yake, ilikuwa sahihi.

Tuliporudi alitoa hukumu: namba ile isiposhuka, mashindano basi. Kaka aliondoka na lori kwenda Namtumbo kupakia tumbaku bila kumaliza chakula chake.

Aliporudi mwishoni mwa juma, namba ilikuwa imeshuka. Tulipanda kilima kilekile, kwa mwendo uleule, na geji haikuvuka mia sita na hamsini. Kaka alirudia mara ya pili, akaegesha gereji akiwa anatabasamu kama mtu aliyesamehewa.

"Umefanya nini?" alimuuliza fundi.

"Nimeshusha."

"Umeshushaje?" niliuliza mimi.

"Dada, huko chuo walikufundisha kuuliza tu, au na majibu yalikuwepo?"

"Nauliza umegusa nini."

"Nimegusa gari. Si ndiyo kazi yangu?"

Boneti ilikuwa wazi. Niliinama, na chini ya ukingo wa lile bati niliona bolti inayong'aa kwenye manifodi, yaani bomba la chuma linalokusanya moshi wa silinda zote kabla haujaingia kwenye turbo. Kila kitu kingine hapo kilikuwa na kutu.

"Hii bolti ni ya nini?"

"Inaziba tundu."

"Tundu la nini?"

"La bolti."

Walicheka wote wawili. Nami nilicheka, kwa sababu lilikuwa jibu zuri. Mama alipopandishwa tena kwenye gari aliitazama namba hadi kilimani na kurudi. "Bado ni kubwa," alisema, "lakini sasa inasikia." Uso wake ulikunjuka, na suala la ruhusa likaisha.

Kilichofuata kilikuwa na mantiki yake. Kama injini inafanya kazi ileile kwa joto dogo kiasi hicho, basi ina nafasi ya kufanya kazi zaidi. Kaka aliongeza presha ya turbo kidogo, akatazama namba, akaongeza tena. Fundi alinung'unika kwamba rangi ya plagi imeanza kumtia wasiwasi. Kaka alimwonyesha geji. Fundi aliitazama, akachungulia chini ya gari, kisha akasema ni gari la mwenyewe.

Jaribio la mwisho kaka alitaka lifanyike Lukumburu. Hakusema kwa nini, na sikuona haja ya kuuliza. Tulikwenda asubuhi, mimi kazi yangu kumsomea namba kwa sauti ili yeye asiondoe macho barabarani. Mia sita na themanini. Mia saba. Mia saba na kumi. Mshale wa maji ulikuwa katikati, haujatikisika. Tulipita kona ambayo naamini ndiyo ile ya baba, ingawa kona za pale zinafanana, na kaka alipiga usukani kwa kiganja cha mkono, mara moja, kwa furaha.

Muda mfupi baadaye gari lilipoteza nguvu. Kulisikika mlio kama wa kokoto kwenye kopo, na nyuma yetu barabara ikajaa moshi wa buluu. Nikaendelea kusoma, maana ndiyo kazi niliyopewa. Mia sita na arobaini. Mia sita. Injini ilikuwa inakufa, na namba ilikuwa inashuka.

Lori la rafiki wa kaka lilituvuta hadi nyumbani. Mama alikuwa amesimama nje.

"Imechemsha?"

"Hapana, Mama. Maji yamejaa."

Hakumwamini. Alimfanya afungue boneti, akasubiri, akachungulia mwenyewe kwenye rejeta. Maji yalikuwa yamejaa kweli.

"Basi unaweza kwenda," alisema.

Hakuwa anatania. Kaka alikaa kwenye ngazi ya mlango, mikono katikati ya magoti, akamshukuru.

Siku walipofungua injini ndipo aliponiuliza lile swali. Nilianza na jambo nililoliweza, kukagua kama kijiti kinasema kweli. Nilikiomba pamoja na geji yake na betri, nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota jikoni kwetu. Kilisoma tisini na sita.

"Kinadanganya," alisema kaka, karibu kwa matumaini.

"Hakidanganyi. Songea iko juu. Maji ya huku huchemka kabla ya mia."

Mama aliyekuwa anasubiri sufuria yake alisema kwamba basi hata hiyo mia tulifundishwa uongo. Nilimwambia kwa huku kwetu, ndiyo. Alionekana kuliweka jambo hilo mahali.

Kijiti kilikuwa kizima. Lililobaki ni mahali kilipokuwa kimekaa. Walipokifungua walikikuta kwenye bomba la ekzosi, chini ya turbo, na jibu nililipata polepole kwa kusoma. Moshi unapozungusha turbo unalipia kazi hiyo kwa joto lake wenyewe, na ukitokea upande wa pili unakuwa umepoa kwa nyuzi mia na zaidi. Geji ilikuwa imesema kweli tupu kuhusu mahali pasipo na hatari. Juu, kwenye silinda, hakukuwa na aliyepima.

Nilimweleza kaka. Alitikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo kilikuwa huko chini tangu mwanzo."

"Inaonekana."

"Na ile mia nane ya siku ya misa?"

Fundi aliulizwa, akasema siku ile mchanganyiko wa mafuta ulikuwa mbaya naye akaurekebisha. Sikuridhika, lakini kutoridhika siyo ushahidi. Mashindano yalifanyika bila kaka. Miezi michache baadaye fundi alihamia Mbinga, kwenye mashine za kukobolea kahawa, na gari likauzwa bila injini. Kaka alirudi kwenye lori, na yuko huko hadi leo. Majina ya zile kona sijamsikia akiyataja tena.

Mimi sasa niko kwenye maabara ya kiwanda, mkoa mwingine, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kubishana na watu kuhusu mahali pa kuweka vipimo. Likizo iliyopita nilikuwa jikoni na Mama tukisubiri maharage. Aliangalia sufuria ikitokota, akasema, "Tisini na sita," kama anavyosema kila mara tangu siku ile. Kisha akauliza kama ile sensa bado ninayo.

"Ninayo."

"Yule fundi alikuwa kijana msikivu. Nilimwomba mara moja tu."

"Ulimwomba nini?"

"Aishushe. Kaka yako alipokwenda Namtumbo nilimfuata gereji. Nikamwambia, baba, ile namba ishuke, mwanangu asikose safari yake."

Niliikumbuka ile bolti inayong'aa kwenye manifodi, ikiziba tundu ambamo kijiti kilikuwa siku ya misa, nikamuuliza fundi alijibuje. Mama alifunua sufuria, akabonyeza haragwe moja kwa mwiko, akaona bado.

Fundi alicheka kwanza, alisema Mama. Kisha akamuuliza: "Mama, nishushe joto, au nishushe namba?" Naye alimjibu kwamba haoni tofauti, ashushe kilicho karibu.