Kayaki Niliyompimia Ndugu Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sindano ndefu kama kidole cha kati, donge la nta, na kayaki iliyopasuka tumboni. Ilikuwa katika hangari ya mashua ya klabu ya wafanyakazi wa mgodi, kando ya ziwa la Nzilo, pale bwawa linapozuia maji ya Lualaba, si mbali na Kolwezi. Nchi ilikuwa imeanza kuitwa Zaire, na wakubwa wetu tuliwaita citoyen, yaani raia. Mafundi wa hangari walikuwa wanaume wanaojua mbao, lakini hakuna aliyejua kushona. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano wazazi wetu walipofariki, nikabaki na wadogo watatu wa kulea, na ushonaji nilijifunza kwa masista wa misheni.

Mkuu wa hangari, mzee mnene aliyezaliwa Sandoa, sote tulimwita Tata Chef. Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni.

"Unajua kuogelea?"

"Hapana, Tata."

"Muzuri. Mutu hajue kuogelea, anashonaka na akili yote."

Kayaki za wakati ule hazikuwa za plastiki kama mnazoziona leo. Zilikuwa na mbavu za mbao, na juu yake turubai iliyovutwa ikakazwa kama ngozi ya ngoma, kisha ikapakwa rangi ya mafuta mara tatu. Mtu hukaa katika tundu la katikati, miguu ameinyosha mbele, na hupiga kafi yenye bapa kila upande. Turubai ikichanika kwenye kisiki, fundi mbao hana la kufanya. Ananingoja mimi. Na visiki vilikuwa vingi, kwa maana maji ya bwawa yalifunika msitu mzima, na miti iliyokufa imesimama humo mpaka leo.

Mwaka wa pili Tata Chef alianza kunifundisha kuchagua. Wafanyakazi wa mgodi walikuja siku za mapumziko kuvua karibu na ukingo, na kila mmoja alitaka kayaki nzuri kuliko zote.

"Haiko kayaki ya muzuri," alikuwa akiwaambia. "Iko yako, ao haiko yako."

Kwanza alimwamuru mtu aibebe mwenyewe kutoka hangarini hadi majini. Asiyeweza kuibeba alirudishwa, hata akiwa mkubwa wa idara. Kisha mtu alikaa ndani mahali maji yanapofika magotini, na gunia la mchanga likawekwa nyuma yake badala ya samaki na nyavu. Hapo Tata Chef alipima kwa vidole: kati ya maji na ukingo wa kayaki vibaki vidole vinne vilivyolala. Vikipungua, mawimbi yataingia. Vikizidi sana, kayaki ni kubwa mno kwa mtu huyo, imekaa juu kama kopo tupu, na upepo utaichukua unakotaka. Pana hutulia, ila ni nzito kuiendesha. Ndefu huenda moja kwa moja, ila hukataa kugeuka kati ya visiki. Jiwe la nanga hufungwa mbele au nyuma, kamwe si ubavuni, maana upepo ukikaza kamba kutoka ubavuni, kayaki hulala.

Nilijifunza haya yote mpaka Tata Chef akaniachia kazi ya kupima, akabaki na kiti chake na redio yake.

Baadaye wanachama wa klabu walipungua, na Citoyen Mkuu wa Huduma za Jamii akaruhusu ndugu za wafanyakazi watumie kayaki. Kalala, kitinda mimba wetu, alikuja siku ileile. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, mgodi ulikuwa umemkataa mara mbili kwa sababu ya kifua. Alitaka kuvua tilapia na kuwauzia akina mama wa soko.

"Yaya, nipimie ile ya kijani," aliniambia; yaya kwetu ni dada mkubwa.

Ile ya kijani ilikuwa nyembamba, inayumba mtu akikohoa tu. Nilimwambia bado haijashonwa, na hilo lilikuwa kweli. Kisha nikamchukulia ile pana ya watu wawili. Sikumwambia aibebe, tuliibeba pamoja. Sikumkalisha kwenye maji ya magoti. Sikuweka gunia.

"Hii njo inakufaa," nilisema.

"Yaya, iko kama kitanda."

"Kitanda hakipindukake. Enda."

Alikwenda nayo wiki tatu, kila siku akirudi amechoka na samaki wachache. Mimi nilikuwa na amani. Nilishona nikiimba.

Kisha ukaja mwezi wa nane, wakati upepo wa kiangazi huamka baada ya saa saba mchana na kusukuma maji yote kuelekea ng'ambo. Wavuvi wengine walirudi mapema. Saa tisa ikapita. Nilisimama ukingoni na turubai ikiwa bado mkononi, sindano imening'inia kwenye uzi. Tata Chef alizima redio, akaja akasimama karibu nami. Halafu akaita fundi wa mashua ya mota, na mimi nikapanda pia, mimi nisiyejua kuogelea.

Tulimkuta mbali sana, katikati ya miti iliyokufa. Alikuwa amekumbatia mti mmoja kwa mikono yote miwili, kayaki ameibana kwa magoti isiondoke. Ngozi ya viganja ilikuwa imetoka. Alitutazama, akajaribu kucheka.

"Yaya, hii haiko mashua. Iko nyumba. Na upepo njo iko nayo ufunguo."

Niliosha viganja vyake kwa maji ya chupa. Tulipofika ukingoni Tata Chef alipitisha mkono juu ya ile kayaki pana, akaangalia jinsi ilivyokaa juu ya maji.

"Mama Ngalula, hii ulipimia nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa afadhali angenikemea.

"Nilijipimia mi mwenyewe, Tata. Woga yangu njo nilipimia."

"Basi, kesho pima mutoto."

Niliishona ile ya kijani siku mbili, mshono mara mbili, nta kila shimo. Siku ya tatu, Kalala aliibeba peke yake, kama mtu anavyobeba mkeka. Alikaa ndani, nikaweka gunia, nikashusha vidole vyangu ubavuni. Vinne kamili. Iliyumba chini yake, naye akayumba nayo, kiuno chake kikijua la kufanya kabla yangu.

"Uko naogopa, Yaya?"

"Ndiyo. Enda."

Nilimtazama mpaka mti wa kwanza. Kisha nikarudi ndani, kwa sababu kazi yangu hapo ilikuwa imekwisha.

Tangu hapo alivua miaka mingi. Mimi nilihamishiwa bohari kuu ya Kolwezi, nikashona maturubai ya malori chini ya Citoyen Mkuu wa Bohari, mtu wa mihuri na kimya, na hakuna nilichojifunza kwake zaidi ya kufika kwa wakati. Tata Chef alipostaafu nilirudishwa ziwani kukalia kiti chake, na hapo ndipo nilipomalizia utumishi wangu.

Sasa macho hayaoni tundu la sindano, lakini watu bado wananijia. Juzi mama mmoja wa mtaa wa Kasulo alinipeleka ziwani kuangalia mashua, akitaka kumnunulia kijana wake moja. Alikuwa amekwisha kuchagua: pana kuliko zote.

"Ingia," nikamwambia.

"Mi? Mi siko mvuvi."

"Ingia tu, mama."

Akaingia, akakaa, akatabasamu. Hakika ilitulia. Nikampa kafi na kumwomba aipeleke hadi kwenye matete na kurudi. Alipiga maji mpaka kilemba kikamwangukia, na upepo mdogo wa asubuhi ukamrudisha alipotoka. Tulicheka wote wawili hadi tukashikana mabega.

Kisha akashuka, akakunja kanga iliyolowa, akaenda kumwita kijana wake, mtu mzima mwenye ndevu, aje akae mwenyewe.