Gari Lililovuliwa Koti

Mimi si mwoga wa watu. Nauza mabeseni na ndoo katika soko la Nkawkaw, hapa Ghana, na wanaonidai punguzo wananijua. Lakini kwa miezi mingi niliogopa kitu kidogo kuliko kidole changu cha mwisho: mshale wa joto katika gari la marehemu mume wangu. Ukikaa katikati, napumua. Ukianza kupanda, natafuta pa kusimama.

Gari lenyewe ukiliuza hupati mbuzi wawili wazuri. Lilikuja kutoka Ulaya likiwa limechoka tayari, mume wangu Ofosuhene akalipokea kama bibi harusi. Kila alipopanda nalo mlima alisimama kila baada ya kona mbili, eti linapumzika. Nilidhani ni mapenzi. Alipofariki, gari likabaki kwangu, na mlima pia.

Mlima huo naupanda kwa sababu ya binti yangu Afrakoma. Ana miaka ishirini na mbili, anashona nguo, na ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Siku nyingi ukimwona hujui. Maumivu yakimshika humshika mifupa yote kwa pamoja, na hospitali inayomjua iko juu, mwisho wa zile kona. Teksi za stesheni haziondoki mpaka zijae, na ukitaka kukodi nzima, dereva akimwona mgonjwa anapiga yowe anaogopa asije akamfia garini. Basi ni lile gari letu au miguu.

Januari, upepo wa harmatani ukiwa umekausha hata midomo ya mbuzi, Afrakoma alishikwa. Nilimlaza kiti cha nyuma nikaanza kupanda. Kona ya nne mshale ukagusa wekundu, mvuke ukatoka kwenye boneti, na gari likakata kauli.

"Mama, tumefika?"

"Bado kidogo, mwanangu."

Nilimdanganya. Tulikaa pale karibu saa nzima, yeye akiuma kanga yangu, mimi nikisimama katikati ya barabara kama mwendawazimu, mpaka lori la ndizi likatuchukua. Nesi alinivuta pembeni. "Mngechelewa kidogo tu, mama, tungekuwa tunazungumza mengine." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Tangu siku hiyo nikawa naota mshale.

Nikalipeleka gari kwa fundi Tenkorang.

Mtu huyu lazima nimweleze. Ni mfupi, ovaroli ameifunga mikono kiunoni, na hagusi spana kabla hajanywa koko lake, uji wa mtama, na koose mbili za moto, zile bagia za kunde. Ana miaka thelathini katika uwanja wa mafundi nyuma ya stesheni. Hana mashine ya kupimia; anapima kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alijifunza Kumasi kwa mzee mmoja mkali, na aliyofundishwa na mzee huyo hayagusiki. Sijawahi kumsikia akisema amekosea. Nadhani neno lenyewe alikuwa hanalo.

"Mama Afrakoma," aliniambia, "gari lako halina ugonjwa. Lina uzee."

"Uzee hata wewe unao, na mlimani kwa shemeji zako unapanda."

"Napanda kwa sababu wananipikia fufu. Hili nani analipikia?"

Mafundi wenzake wakacheka, nami nikacheka, ingawa moyoni sikuwa na kicheko. Akaanza kazi. Alifungua kifuniko cha rejeta akatazama kama maji yanatoa mapovu, hayakutoa. Alichomoa kijiti cha oili. Ilikuwa nyeusi, si nyeupe kama uji. "Gasketi nzima. Mshukuru Mungu, maana ingekuwa hiyo ningekuambia ufugie kuku humu." Akabadilisha kifuniko. Gari likachemsha. Akabadilisha mpira wa maji wa juu. Likachemsha. Akaiosha rejeta mpaka maji yakatoka meupe. Likachemsha. Akaunga waya wa feni moja kwa moja izunguke bila kupumzika. Kila mara alilizungusha uwanjani, akanirudishia funguo akisema limepona. Kila mara nililipandisha mlima peke yangu, nikarudi nikiteremka na mvuke usoni.

Dada yangu aliniambia niliuze kwa wanunua vyuma. "La kuvunda halina ubani," alisema. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa watoto wako wote wanalala usiku.

Mara ya tano sikumpa funguo. Nilisimama mbele ya benchi lake, bakuli la koko likiwa bado mkononi mwake.

"Leo unapanda nami. Ukae mbele, uuone mshale kwa macho yako."

"Mimi huwa sijaribu gari mlimani, mama. Hapa uwanjani panatosha."

"Binti yangu haugulii uwanjani."

Aliweka bakuli chini. Tukaenda. Nilipokaribia kona ya nne viganja vyangu vililowa hata usukani ukateleza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nyoka wangu alikuwa pale pale. Mshale ukapanda, ukapanda, ukagusa wekundu.

"Simama," alisema Tenkorang. "Usizime."

Alifungua boneti. Akagusa injini kwa mgongo wa mkono, akauondoa upesi. Kisha akagusa rejeta, na mkono ukabaki pale. Nilisubiri auondoe. Hakuuondoa.

"Njoo uweke mkono hapa."

"Niungue?"

"Weka, mama."

Rejeta ilikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Injini inachemka shubiri mbili kutoka pale, na rejeta haina habari.

Tenkorang alizima gari mwenyewe, akaenda kuketi juu ya jiwe kando ya barabara.

"Kuna kidude huwa kinakaa mlangoni mwa injini," alisema. "Thamostati. Kinazuia maji mpaka yapate moto. Gari likitoka Ulaya, kitu cha kwanza tunakitoa. Huko kuna baridi, huku kuna jua, cha nini? Tunaita kulivua koti. Mzee wangu alifanya hivyo, na mafundi wote hapo chini wanafanya. La mume wako nililivua mwenyewe, siku ileile alipolileta, na akaninunulia bia."

"Sasa?"

"Sasa naona kina kazi mbili. Kikifungua njia ya rejeta, papo hapo kinaziba njia ya mkato. Nimekitoa, njia zote mbili ziko wazi, na maji yanafuata ya karibu. Yanazunguka humo humo ndani ya injini bila kufika rejeta. Tambarare unaweza usijue. Mlimani yanachemka." Alitazama mikono yake. "Miaka thelathini nilijua kazi yake moja tu."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli. Nilikumbuka kanga yangu meno ya Afrakoma yalivyoitoboa, nikatafuta neno la kumchoma nalo. Kisha nikamwona bado anaitazama mikono yake, na hasira yote ikageuka hofu. Nilikuwa nimemwamini mtu huyu kuliko ninavyojiamini mimi. Kama yeye hakujua, nani anajua?

Tuliteremka gari likiwa limepoa. Chini ya benchi lake kuna kopo kubwa la rangi, na ndani yake makoti ya magari yote aliyoyavua. Alilimwaga chini. Alipekua mpaka akapata moja linaloingia kwenye gari langu, akaenda nalo kwa mwanamke anayechemsha kenke, madonge ya unga wa mahindi, mlangoni mwa uwanja.

"Nikopeshe maji ya moto."

"Ya kenke yangu? Utie vyuma vyako vyenye grisi? Una wazimu?"

Mwanamke akampa sufuria nyingine. Tukainama wote watatu juu ya maji. Kidude kilitulia chini ndani ya sufuria, kisha maji yalipoanza kuunguruma, kikafungua mdomo polepole. Akakitoa kwa koleo, kikaufunga. Alirudia mara tatu. Jioni hiyo akakifunga garini, akasema kesho kutwa tutapanda kujaribu.

Kesho kutwa haikutungoja. Alfajiri ya kesho yake Afrakoma aliniita, na sauti yake nikaijua. Nilimbeba nusu, nusu akajivuta. Nilipopita mbele ya uwanja Tenkorang alikuwa ndiyo kwanza ameinua bakuli. Aliona kilichomo kiti cha nyuma, akaliacha bakuli juu ya benchi, akaingia mbele bila kuulizwa.

"Hatujalijaribu," nilisema.

"Najua. Endesha."

Kona ya kwanza, mshale chini. Ya pili, bado. Afrakoma alikuwa akihesabu kwa sauti, ndiyo njia yake ya kushindana na maumivu, na kila akifika kumi alianza upya. Kona ya tatu mshale ukaamka. Ulipanda haraka kuliko siku zote nilizowahi kuuona. Ukapita katikati.

"Fundi."

"Naona."

"Unapanda, fundi. Nisimame?"

"Usisimame." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kwanza lazima yapate moto. Ndiyo kifungue."

"Kisipofungua?"

Alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameshika mkono wa Afrakoma nyuma, na sijui nani alikuwa akimshika mwenzake. Kona ya nne ikaja. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki, ukitaka wenyewe. Mshale ukasogea karibu na wekundu, ukasimama. Kisha ukashuka.

Sikuwahi kuuona ukishuka. Miezi yote ile ulikuwa unajua kupanda tu. Ukarudi katikati ukakaa, na kona ya tano, ya sita, ya saba, haukutikisika. Nililia huku naendesha, na Tenkorang akajifanya anatazama bondeni.

Hospitalini walimpokea Afrakoma, wakamtundikia maji na dawa. Kabla jua halijawa kali alilala, na nesi akaniambia safari hii tumewahi. Nikamwombea kwa Mungu yule mtu mfupi mwenye ovaroli, nikatoka nje nimwambie.

Hakuwa garini kwangu. Nilimkuta mwisho wa maegesho, kando ya gari kuukuu la mkunga, lile linalopandisha wajawazito kutoka bondeni. Dereva wake, Boadi, alikuwa amekaa juu ya boneti akila mkate.

"Halina shida," Boadi alikuwa akisema. "Linachemsha kidogo tu kwenye kona, nalipumzisha. Halafu koti lake si ulilivua wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, ni mimi," alisema Tenkorang. "Shuka unifungulie boneti."