Ungo Uliotenga Ulanga

Habari zilinifikia Jumanne, nikiwa kwenye foleni ya sabuni Mtaa wa Msimbazi: yule mama aliyekuwa akichagua mchele wa wateja pale Kariakoo amefariki kwao Masasi, usingizini, baada ya kula chakula cha jioni na wajukuu. Jirani aliyeniambia alidhani nitalia. Nilitabasamu kwa kuukumbuka ungo wake, akanitazama kama mtu asiye na adabu. Ilibidi nimweleze, na kwa kuwa foleni haikusogea, nilieleza yote.

Wasomaji mnanijua kama mtu wa maneno. Wachache wanajua kwamba taifa lilinisomesha niwe mtu wa mawe. Kazi yangu ya kwanza, katika ofisi yenye vumbi Mchafukoge, ilikuwa kusaga jiwe moja la matale, lile gumu lenye madoadoa, na kutenga madini yake: felspa ya rangi ya waridi huku, ulanga mweusi unaong'aa kule. Yote mawili yana potasiamu, na potasiamu ina atomu nyepesi na atomu nzito. Swali lilikuwa hili: moto wa chini ya ardhi ulipopoa na jiwe likaganda, je, felspa na ulanga viligawana nyepesi na nzito kwa uwiano uleule, au kila kimoja kilikuwa na upendeleo wake? Vipimo vingefanywa ng'ambo. Sisi tulitakiwa kupeleka punje safi tu. Jiwe lilikuwa moja, na gari la kurudi mlimani halikuwa na mafuta wala matairi.

Nilichekecha siku nne, nikapata mchanganyiko uleule, mara wa punje kubwa, mara wa punje ndogo. Siku ya tano nilipita Kariakoo, nikamwona yule mama akipepeta, pumba zikitangulia na mchele ukibaki nyuma. Nikarudi na sufuria yangu ya unga wa jiwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ndugu mtaalamu. Mchele gani huu wa kuvunja meno?"

Nilimweleza habari za chekecheo. Alicheka mpaka muuza dagaa wa pembeni akageuka. "Chekecheo linajua ukubwa, mwanangu, aina halijui. Huko mlikosoma hamkuwa na mama zenu?"

Alirusha ungo mara tatu. Ulanga, ambao ni vipande bapa kama magamba ya samaki, ukasogea mdomoni mwa ungo. Felspa ikabaki nyuma, imetulia. Nilikaribia kuimba. Ndipo akasimamisha mikono, akasugua vumbi la kijivu kati ya vidole, akalionja.

"Sufuria hii umeisugua kwa kitu gani?"

"Majivu, mama. Sabuni imeadimika."

"Basi yamo humu."

Nilikaa chini, juu ya gunia la mtu. Majivu ya kuni yamejaa potasiamu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua, na mimi nilikuwa na digrii. Nilikuwa nimechanganya potasiamu ya mti na ya mlima, na nusu ya jiwe ilikuwa imeharibika, nikamwambia.

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Ofisini. Haijasagwa."

"Sasa msiba wa nini? Kailete. Na uifunge kwenye kitambaa kisafi."

Aliosha ungo, akauanika. Kwa wiki nzima, kila alipomaliza mchele wa watu, alipepeta jiwe langu, kisha akachagua kwa vidole punje mojamoja. Barua ya ng'ambo ilisifu usafi wa punje, ikaongeza kwamba tofauti kati ya madini yale mawili haikuonekana. Nilimpelekea habari hiyo kwa aibu.

"Wamesema haipo, au hawakuiona?"

"Hawakuiona."

"Hayo ni mambo mawili. Siku macho yangu yakichoka, mawe hayatatoka kwenye mchele kwa kunihurumia."

Mawe niliyaacha baadaye, kwa faida ya mawe. Lakini nimeketi katika mikutano mingi ambako ripoti ilisomwa kwamba upungufu haupo, malalamiko hayapo, tukapiga makofi. Mara chache nilithubutu kuuliza nani alipepeta. Mashine kali zaidi huenda zikaja na kuiona tofauti ile, na huenda zisiione. Mpaka hapo, mtu mwaminifu husema "sijaona" na kuendelea kutafuta.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye maelezo yangu mwenye duka alipotoka kututangazia kwamba sabuni hakuna.

"Haipo, ndugu," nikamwuliza, "au hujaiona?"

Alinitazama, akaitazama foleni, akarudi ndani. Jioni ile niliosha sufuria kwa sabuni.