Bawa la Msambi

Juzi nilirudi Rumonge na binti yangu. Kitu cha kwanza alichokiona ni msambi, yule korongo mwenye taji ya dhahabu, amesimama uani kwa mtu kando ya mapipa ya mawese. "Mama, mbona haruki?" Nikamwambia amekatwa bawa. Aliyemkata huyu simjui. Aliyemkata yule wa zamani namjua.

Bibi alisema mwaka wa Uhuru misambi walijaa bondeni Kigwena hadi wanawake waliwafukuza kwenye mpunga kwa kupiga sufuria. Nilipoanza shule alibaki dume mmoja tu. Kila mwenye duka alitaka wake uani, aonekane mtu. Makinda yaliokotwa kwenye matete, yakakatwa manyoya ya bawa moja, basi.

Mwalimu wetu alimwomba jirani, muuza mawese, atupe jike lake la msambi. Jirani akacheka. "Mwalimu, wewe mwenyewe huna bibi, unatafutia ndege bwana?" Lakini akalitoa. Tuliliweka nyuma ya darasa, tukalilisha panzi. Mwalimu alitufundisha kushika bawa bila kuliumiza, tukague. Manyoya mapya, alisema, hayaoti mpaka vishina vya zamani vidondoke vyenyewe. "Musivute. Mungoje." Kila asubuhi dume lililia bondeni, na jike letu likaitika. Likiruka, kutakuwa na mayai. Lisiporuka, msambi wa Kigwena amekwisha.

Manyoya yaliota mwezi wa tano 1972, mauaji yalipoanza. Wiki hiyo lori la wanajeshi, lililokuwa likikusanya watu waliosoma, lilisimama mbele ya shule, mwalimu akapanda na chaki bado mkononi. Hakurudi. Shule ikafungwa. Nyumbani hakuna aliyelia. Tulikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, tukaosha sahani. Nililichukua jike, nikaliweka kwa bibi.

Asubuhi moja likatanua mabawa, likapanda juu ya ua. Nikaona na lenyewe linaondoka. Nikalishusha, nikachukua mkasi wa bibi wa kukatia vitenge. Nilishika bawa vile alivyotufundisha mwalimu. Nilikata vizuri.

Siku tatu baadaye tulikimbia kwa mtumbwi. Jike lilitufuata ufukweni mpaka maji yakafika kwenye magoti yake. Bibi akaliangalia lile bawa, kisha akaniangalia mimi.

"Mutoto wangu, ungemuacha, angefika ng'ambo mbele yetu."

Hakulisema tena mpaka alipokufa.

Sasa lile bonde ni michikichi mitupu. Kumepambazuka mara mbili niko hapa, sijasikia kitu. Na usiniambie nilikuwa mtoto. Darasani tulikuwa watoto arobaini, na mkasi niliushika mimi.

Leo niliingia kwenye ule ua. Nikamwambia mwenye ndege asikate tena, aache manyoya yaote. Hakukasirika. Alinipa kiti.

"Sawa, mama. Yakiota, ataruka aende kwa nani?"

Binti yangu alikuwa amechuchumaa mbele ya ndege, akaniuliza anakula nini.

"Panzi," nikamwambia.